Ushuru na kazi ya serikali: mzigo ukitoka bega hili, watua lipi?

Somo la kujadiliwa kikundini. Likisomwa kwa sauti, na mkisimama penye maswali, latosha mikutano miwili.



Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anapoingia Bungeni na mkoba wake wa bajeti, mabishano huanza hata huku kwetu vijijini. Mmoja husema, "Hii serikali imezidi. Ituachie jasho letu, biashara iachiwe wenye biashara." Mwenzake hujibu, "Na mwalimu atalipwa na nani? Zahanati haina dawa, mahindi yetu hayana mnunuzi, serikali iko wapi?" Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba mara nyingi ni mtu yule yule mmoja, asubuhi yuko upande huu na jioni yuko ule. Hatumcheki, kwani sote tuko hivyo. Twataka ushuru upungue na tena twataka barabara.

Katika somo hili hatutaki kuwachagulia upande. Twataka tufuate jambo moja tu ambalo wabishanaji husahau. Serikali inapoacha kulipia kitu, gharama ya kitu hicho haipotei. Inahama. Na serikali inapotoza ushuru mpya, anayetajwa kwenye sheria si lazima awe ndiye atakayeulipa. Kwa hiyo swali la maana si kwamba ushuru uwe mwingi au mdogo, bali mzigo huu ukitoka bega hili, unatua bega lipi?

NENO LENYEWE

Kwa Kiswahili neno kodi lina kazi mbili. Ni pesa unazompa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na ni pesa unazotoa kwa serikali. Sisi Wakenya siku hizi twapenda kusema ushuru kwa hii ya pili, na hilo ni neno lililotoka kwa Kiarabu, asili moja na neno la sehemu ya kumi. Yaani anayetoa fungu la kumi kanisani na mama anayelipa ushuru wa soko wanafuata wazo moja la kale, kwamba sehemu ya mapato yangu si yangu peke yangu.

Lakini kodi ya mpangaji ina jambo moja zuri: unajua unalipia nini. Paa likivuja unaenda kubisha mlango wa mwenye nyumba. Kodi ya kwanza ya serikali katika nchi hii haikuwa hivyo. Mwaka 1901 serikali ya Waingereza ilianzisha kodi ya nyumba, iliyohesabiwa kwa kibanda, hata mwenye wake watatu akalipia vibanda vitatu. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipa ile ya nyumba. Ilitakiwa pesa taslimu, na pesa zilipatikana kwa mzungu: shambani kwake, relini, au jikoni kwake. Hilo halikuwa jambo la bahati mbaya. Walowezi walitaka vibarua, na kodi ilikuwa njia ya kuwatoa watu nyumbani kwao. Barabara na reli zilizojengwa zilielekea mashamba ya walowezi.

Harry Thuku na wenzake walipoanza kulalamika mwaka 1921, malalamiko yao makubwa yalikuwa matatu yaliyoshikamana: kodi imepanda, mshahara umekatwa, na kipande kimefungwa shingoni. Thuku alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na tarehe 16 Machi 1922 watu zaidi ya 20 wakauawa kwa risasi, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Tunayakumbusha haya kwa sababu wako vijana wanaodhani ya 2024 yalikuwa ya kwanza.

GHARAMA ILIPOHAMA

Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulieleza serikali itafanya nini katika uchumi. Tom Mboya ndiye aliyekuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Waraka uliita njia hiyo Ujamaa wa Kiafrika, lakini ndani yake mali ya mtu binafsi ilikubaliwa na mitaji ya kigeni ikakaribishwa. Ulisema pia kwamba pesa za maendeleo zipelekwe kwanza kule ambako zitazaa haraka, yaani penye mvua, reli na barabara. Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia walikuwa na mawazo mengine kuhusu ardhi na ugawaji, na mwaka 1966 wakajitoa KANU. Ndugu zetu wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera wanajua vizuri bei ya ule uamuzi. Ilibidi wangoje Katiba ya 2010 kuandika Hazina ya Usawazishaji, nusu ya shilingi moja katika kila shilingi 100 za mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, hospitali na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma.

Basi miaka ya 1980 serikali ikaishiwa. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakatoa mikopo yenye masharti: punguza matumizi, ondoa udhibiti wa bei, mwananchi achangie huduma. Ndipo tukasikia neno jipya, kugawana gharama. Shuleni tuliligusa mwaka 1988, na Desemba 1989 likaingia hospitalini.

Wakati huo wako wasomi waliosema ada kidogo haimzuii mtu kwenda hospitali. Katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa Nairobi watu walihesabiwa, na matokeo yakachapishwa 1992. Baada ya ada kuanza, wanaume waliokuja kwa mwezi walishuka mpaka kama 40 kwa kila 100 waliokuja zamani, na wanawake mpaka kama 65. Kumbuka ilikuwa ni miaka ya UKIMWI kuenea, na mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huambukizwa kwa urahisi zaidi. Serikali ilisitisha ada za wagonjwa wa nje mwaka 1990, halafu ikazirudisha polepole. Hazina iliandika kwamba imepunguza matumizi. Sawa, imepunguza. Lakini wale waliokosa kuja hawakupona kwa sababu ya bajeti. Gharama yao ilihamia nyumbani, kwa mke, kwa mtoto mchanga, na baadaye kwa nyanya aliyebaki analea wajukuu.

Shuleni nako ni vile vile. Pale serikali ilipojiondoa, harambee ndiyo iliyoingia. Wengi wetu tunaipenda harambee, na shule nyingi nzuri zimejengwa kwa mbuzi na kuku wa watu maskini. Lakini tuseme ukweli: katika miaka ile chifu alipokuja na kitabu cha michango, na cheti chako hakipigwi muhuri mpaka utoe, ile haikuwa harambee tena. Ilikuwa ushuru usiopitishwa na Bunge, usio na mkaguzi, na mara nyingi usio na risiti. Tena ulimtoza sawa mwenye ng'ombe 40 na mwenye jogoo mmoja. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ndiyo iliyokuja kuwazuia maafisa kutumia vyeo vyao kuchangisha pesa.

Mwaka huo huo wa 2003, Januari, serikali mpya ya Mwai Kibaki ikaondoa karo ya shule za msingi. Wanafunzi walikuwa kama milioni 5.9 mwaka 2002. Wakapita milioni 7 katika mwaka mmoja. Zaidi ya watoto milioni moja, waliokuwa wapi? Walikuwa nyumbani wanalipa kwa ujinga wao ile gharama ambayo wakubwa waliisukuma. Ni kweli madarasa yalijaa kupita kiasi na walimu wakalemewa. Hiyo nayo ni gharama iliyohama, safari hii ikatua kwa mwalimu na kwa yule mtoto wa dawati la nyuma.

Simameni hapa mjadili: katika kijiji chenu, ni huduma gani ambayo zamani ililipiwa na serikali na sasa mnailipia nyinyi? Ni ipi mliyolipia na sasa ikalipiwa na serikali? Nani alinufaika kila mara, na nani aliumia?

SABUNI YA SHILINGI 116

Sasa tuje kwenye ushuru wenyewe. Tangu Januari 1990 Kenya inatoza ushuru wa thamani iliyoongezwa, ule tunaouita VAT, uliochukua nafasi ya ushuru wa mauzo. Tangu 2003 kiwango chake cha kawaida ni 16 kwa 100, isipokuwa miezi ile ya korona mwaka 2020 kiliposhushwa mpaka 14. Ukinunua sabuni ya shilingi 116, basi 100 ni ya sabuni na 16 ni ya serikali. Mwenye duka hakuitoa mfukoni mwake. Yeye ni mpokeaji tu. Aliyelipa ni wewe.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia ya kwanza inapata shilingi 9,000 kwa mwezi. Mahindi, maharagwe na mboga mbichi hazina VAT, lakini sabuni, mafuta ya kupikia, salio la simu na vitu vingine vya dukani vinakula 2,900. Ndani ya hizo 2,900, ushuru ni 400. Familia ya pili inapata 300,000, nayo inatumia 29,000 kwa vitu vya aina hiyo, na ushuru wake ni 4,000. Mwenye kusema atasema, "Si unaona? Tajiri analipa mara kumi." Ni kweli. Lakini 400 katika 9,000 ni zaidi ya shilingi 4 kwa kila 100, na 4,000 katika 300,000 ni shilingi moja na senti chache. Ushuru wa dukani haumuulizi mtu uwezo wake.

Ushuru wa mshahara ndio unaouliza. Kwa viwango vilivyowekwa 2023, mwenye mshahara wa 24,000 au chini halipi kitu baada ya kupewa nafuu yake ya 2,400, na anayepanda juu anakatwa 10, 25, 30 mpaka 35 kwa 100 kwa sehemu za juu. Yule wa 300,000, kama ameajiriwa, atakatwa kama 82,000 kabla ya kuhesabu punguzo zingine. Hapo haki inaonekana kidogo. Lakini ngoja: kama hizo 300,000 anazipata kwa biashara isiyoandikishwa, au kwa nyumba za kupanga zisizojulikana na Mamlaka ya Ushuru, KRA, hatakatwa hata senti. Ndiyo maana mwalimu na muuguzi hulalamika kuliko watu wote. Wao ni ng'ombe waliofungwa zizini, wanakamuliwa asubuhi na jioni, na wenzao wako malishoni. KRA ilianzishwa Julai 1995, na kazi yake ngumu tangu siku hiyo imekuwa kuwafuata wa malishoni. Waziri akikosa pesa, njia rahisi ni kurudi kwa wale wa zizini, kama ilivyokuwa kwa ada ya nyumba ya shilingi moja na nusu kwa kila 100 za mshahara, au kurudi dukani kwa sabuni.

Wakati mwingine serikali hulenga mtu mmoja na kumpiga mwingine. Mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli. Nia ilikuwa nzuri, maana injini za watu zilikuwa zinaharibika. Lakini mwenye koroboi na stovu hakuwa amechanganya chochote.

Na jambo moja ambalo vikundi hukosea sana: ule ushuru wa kutuma pesa kwa simu hautozwi kwenye pesa unazotuma. Unatozwa kwenye ada ya kutuma. Ulianza 10 kwa 100 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Tukibishana tubishane na jambo lenyewe, si na uvumi.

MKATE WA 2024

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka, pamoja na mambo mengine, kutoza VAT kwenye mkate. Mkate wa kawaida uko katika kiwango cha sifuri. Hii sifuri ina maana yake na yafaa tuielewe. Mwenye kiwanda cha mkate analipa VAT anaponunua vipuri, umeme na karatasi ya kufungia. Bidhaa ikiwa katika kiwango cha sifuri, anaweza kumdai KRA amrudishie ushuru huo. Bidhaa ikisamehewa tu, hawezi kudai. Basi atauingiza kimyakimya ndani ya bei. Kwa hiyo ukisikia waziri akisema bidhaa fulani imesamehewa, usipige makofi kabla ya kuuliza zamani ilikuwa wapi. Ikiwa ilikuwa sifuri, basi bei itapanda.

Mkate wa shilingi 65 ukiongezwa 16 kwa 100 unafika 75 na senti 40. Serikali iliondoa kipengele hicho tarehe 18 Juni 2024, lakini mengi yalibaki, na watu walishachoka. Vijana waliingia barabarani bila chama wala kiongozi. Tarehe 25 Juni Bunge likapitisha mswada, waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kufikia tarehe 1 Julai. Hakuna mswada wa fedha unaofaa kugharimu mtoto wa mtu, na familia zile bado zadai majibu.

Pamoja na hayo, somo letu latutaka tuangalie kilichofuata. Mswada ulianguka, gharama haikuanguka. Ilibaki pengo la shilingi bilioni 346. Rais alisema tarehe 5 Julai kwamba bilioni 177 zitapunguzwa katika matumizi na bilioni 169 zitakopwa. Deni la taifa wakati huo lilikuwa limepita shilingi trilioni 10, na katika mwaka wa fedha wa 2023/24 zaidi ya shilingi 3 kati ya kila 10 za ushuru zilikwenda kulipa riba tu, hata kabla ya kurudisha mkopo wenyewe. Mkopo ni ushuru pia, ila atakayelipa hajapata kitambulisho. Hatusemi hivi kuwalaumu vijana. Hao ndio watakaolipa, kwa hiyo walikuwa na haki kuliko sisi wazee ya kuuliza pesa za kwanza zilikwenda wapi.

Tena jibu wanalijua wazee. Kati ya 1990 na 1993 serikali ililipa kampuni ya Goldenberg fidia ya shilingi 35 kwa kila 100 za dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. Sheria ilitaja 20. Dhahabu yetu ni kidogo, na almasi hatuna. Pesa hizo zilikuwa za mlipa ushuru, na mfumuko wa bei uliofuata ulimfikia hata asiyejua Goldenberg ni nini. Mtu akikwambia kwamba serikali haina pesa, muulize pia imemsamehe nani na imemlipa nani.

JE, SERIKALI IFANYE BIASHARA?

Hapa ndipo kikundi kitagawanyika, na kigawanyike tu. Tunawapa mifano mitatu ya kubishania.

Wa kwanza ni majani ya chai, na ndio tunaoupenda zaidi. Mpaka karibu miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Lilikuwa zao la kampuni za Kericho na Limuru. Mwaka 1960 serikali iliunda halmashauri ya mazao maalum, na 1964 ikawa KTDA. Hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali kazi ile: kumpa mkulima wa nusu eka miche kwa mkopo, kumfundisha kuchuma majani mawili na chipukizi, kujenga vituo vya kupimia, kutengeneza barabara, kuweka kiwanda na kungoja miaka mitatu kabla ya mavuno. Faida ingechelewa mno. Serikali iliifanya kwa mikopo ya nje, na wakulima wenyewe wakakatwa kidogo katika kila kilo. Mwaka 2000 shirika likakabidhiwa wakulima kupitia kampuni za viwanda vyao. Leo wakulima wadogo, zaidi ya laki 6, hutoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Ugomvi wa wakulima na wakurugenzi haukuisha, hata Bunge likatunga Sheria ya Chai ya 2020 na serikali ikarudi tena mlangoni. Lakini mti ulishika.

Wa pili ni maziwa. KCC ilianzishwa 1925 na walowezi, na baada ya uhuru ikawa ndiyo mnunuzi wa karibu kila ndoo. Waliosoma miaka ya 1980 wanakumbuka yale maziwa ya Nyayo ya shuleni, yaliyoanza 1979. Halafu siasa ikaingia, wakurugenzi wakawa wa kuteuliwa, mkulima akapeleka maziwa miezi mingi bila malipo. Soko lilifunguliwa 1992. Wachuuzi wa baiskeli wakaanza kulipa pesa taslimu asubuhi ile ile, na nani angewalaumu wakulima kwa kuwafuata? KCC ikaanguka, ikauzwa mwaka 2000, na mwaka 2003 serikali ikairudisha kama New KCC. Kwa hiyo mlipa ushuru aliigharamia ilipokuwa ya umma, na akagharamia kuirudisha.

Wa tatu ni simu. Zamani za shirika la Posta na Simu uliomba laini ukangoja miaka, na ilisaidia sana kumjua mtu. Shirika likagawanywa 1999, kampuni mbili za simu za mkononi zikashindana tangu 2000, na leo hata mchungaji wa mbuzi ana simu. Anayetaka biashara iachiwe wenye biashara hana mfano bora zaidi ya huu. Lakini asiusimulie nusu. Serikali ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi za Safaricom mwanzoni. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilijaribiwa kwa msaada wa pesa za walipa ushuru wa Uingereza, na Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu ikaendelea huku mabenki yakinung'unika.

Sisi twaona hivi, na mko huru kutupinga. Serikali inafaa pale ambapo kazi ni ya lazima na faida yake haiwezi kukusanywa na mtu mmoja, kama chanjo, barabara ya kijijini, shule, na kuanzisha zao jipya. Inafaa pia kuchunga mizani, ili mwenye mizani asimwibie mchumaji. Mahali inapoharibu ni pale inapokuwa mnunuzi wa pekee na mwajiri wa jamaa zake. Wako wanaosema hata hayo ni mengi. Wengine wanasema mahindi nayo yaongezwe kwenye orodha, kwa sababu njaa haingoji soko. Jambo la mahindi hatuna hakika litaisha katika kizazi chetu.

KARIBU NA NYUMBANI

Mswada wa Nairobi uko mbali, lakini ushuru wa soko uko hapa. Katiba ya 2010 inasema ushuru wa mapato, VAT na forodha ni vya serikali ya taifa; kaunti hutoza ushuru wa ardhi na majengo, wa burudani, na ada za huduma inazotoa. Tena inasema hakuna ushuru wala ada ya leseni bila sheria, na kwamba mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kwa hiyo mtu wa kaunti akikutoza, una haki ya kumuuliza ni sheria gani, na akupe risiti. Muulize kwa adabu. Yeye ametumwa.

Fanyeni hesabu hii. Tuseme soko lenu lina wauzaji 120, kila mmoja hutoa shilingi 30 siku ya soko, na siku za soko ni mbili kwa juma. Hizo ni 7,200 kwa juma, na 374,400 kwa mwaka. Sasa wekeni nambari zenu za kweli, kisha muulize choo cha soko kiko wapi, na nani anazoa taka. Akina mama wa sokoni wataijaza hesabu hii haraka kuliko karani yeyote, maana kila mmoja anajua ametoa ngapi tangu Januari.

Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, kaunti hupeleka mpango wake wa fedha kwa wawakilishi wa wodi kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Bajeti inapaswa kupitishwa kufikia 30 Juni. Mswada wa Fedha wa kaunti, wenye ada za soko na leseni za vibanda, hufuata ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita. Mikutano ya kusikiliza wananchi hutangazwa kwa muda mfupi, pengine kwa karatasi iliyobandikwa ofisi ya wodi tu, basi teueni mtu mmoja wa kupita pale kila juma kuanzia Januari. Asiwe mgombea wa kiti chochote.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja aje na risiti zake za juma moja, za duka na za soko. Mzikusanye mezani, mtenganishe ushuru wa taifa na ada za kaunti, na katibu aandike jumla mbili. Wasio na risiti waseme walilipa nini na kwa nani. Karatasi hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo kwa mwakilishi wa wodi.